Nimepewa cheo cha kuongea na serikali, na sijui naanzia ofisi gani

Binti wa Igombe

Mwangaluka wakuu, na shikamooni wote mnaostahili.

Naomba mawazo yenu, na mnivumilie maana nitaandika kirefu. Mimi ni mtu wa mwaloni. Miaka minane nimefanya kazi kwenye shirika dogo la uhifadhi hapa Mwanza, upande wa vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vya kulinda rasilimali za uvuvi kwenye mialo: kukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kusikiliza wavuvi wakitupiana maneno kuhusu nyavu haramu za makokoro na timba, kuhesabu, kuandika, kisha kurudi nyumbani nanuka dagaa hadi mwanangu anakataa kupakatwa. Kazi hiyo naijua. Niamshe usiku wa manane nitakuambia mwalo upi una mwenyekiti anayeheshimiwa na upi una mwenyekiti anayeogopwa.

Januari mkurugenzi wetu akaniita, akanipa barua. Mkuu wa Idara ya Sera na Mahusiano na Serikali. Idara yenyewe ni mimi, meza, na kijana wa kujitolea kutoka chuo kikuu cha SAUT anayekuja siku tatu kwa wiki. Nikashukuru, nikaenda kununua viatu visivyoingia matope.

Sasa kisa chenyewe. Kuna ghuba ndogo ng'ambo ya Kigongo, kwenye halmashauri ambayo sitaitaja. Ni mazalia ya sato, na wazee wa pale wanalijua hilo tangu enzi za babu zao. Zamani mafunjo na matete yaliizunguka yote. Sasa upande mmoja yamefyekwa, pamekuwa bustani za nyanya na mchicha, na usiku makokoro yanavutwa humo humo. Tulifanya utafiti mwaka mzima. Ikatoka ripoti ya kurasa 42, rangi tupu, ramani, picha ya kingfisha kwenye jalada la nyuma (mpiga picha aliipenda sana), mapendekezo 14. Niliipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi wa halmashauri. Katibu muhtasi alikuwa mkarimu, akanipa kiti, akanielekeza masjala. Masjala wakaigongea nakala yangu mhuri: IMEPOKELEWA. Nikaupiga picha ule mhuri nikautuma kwa mfadhili. Nakiri mbele yenu kwamba hata neno "mafanikio" nililiweka pale.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Leo ni wiki ya kumi na nne. Nimepiga simu mara tano, jibu ni lile lile: "Linafanyiwa kazi." Wiki iliyopita nikafunga safari. Ofisa niliyeambiwa analo hajawahi hata kuiona.

Katikati hapo tuliitisha kikao cha wadau hotelini, mjini. Nilialika maofisa kumi na wanane. Walikuja wanne. Mmoja aliniuliza mapema kama kuna posho, nikamwambia utaratibu wetu ni kurudisha nauli tu, akaniangalia kwa huruma, kama daktari anayemwangalia mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa. Baada ya chai walibaki wawili, na mmoja wao alikuwa dereva.

Mfadhili anataka kufikia Desemba awe ameona "sera moja iliyobadilika". Mkurugenzi wangu anataka picha na Mkuu wa Mkoa. Mimi naitaka ile ghuba. Naanzia wapi? Ninayepaswa kumshawishi ni nani hasa? Na hili la posho mnalifanyaje bila kugeuka watoa rushwa wala kubaki na viti vitupu?

Wenye matusi wanitumie pembeni. Nawasilisha.

Sato Choma

Mkuu, jibu ni bahasha. Ukiwa na bahasha hata mafunjo yanaota yenyewe. Uzi ufungwe.

Mzee wa Foleni

Marahaba binti. Huyo wa bahasha mwache, njaa ya saa sita inamsumbua.

Mimi nimestaafu nikiwa ofisa maliasili. Nimehudumu halmashauri tatu kando ya ziwa hili, na kabla ya hapo nilikuwa kijana mdogo Shinyanga kwenye HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Jina langu humu linatokana na foleni ya pantoni ya Kigongo. Nisikufiche, mengi niliyowahi kuyafanikisha serikalini niliyafanikishia kwenye ile foleni. Bosi amekwama saa mbili, hana pa kwenda, anakula mahindi ya kuchoma, unamsogelea dirishani taratibu na jambo lako moja. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025 nilishangilia na wenzangu, lakini moyoni nikasema mkoa umepoteza ukumbi wake bora wa mikutano.

Turudi kwako. Katika maelezo yako yote kuna neno moja limenikaa: mapendekezo 14. Usiku wa leo chukua ripoti yako na kalamu, na mbele ya kila pendekezo andika ni nani mwenye saini ya kulitekeleza. Sikuulizi nani anahusika, wote tunahusika. Saini ni ya nani?

Nakisia utakachokikuta. Aina za nyavu na ukubwa wa macho yake ni kanuni za Waziri wa Mifugo na Uvuvi, chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Mita 60 za ufukwe zinazolindwa ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na hapo utakutana na NEMC, baraza la mazingira la taifa, wana ofisi ya kanda hapo hapo Mwanza. Ukigusa matumizi ya maji kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Ukiandika "nchi tatu zishirikiane", umeshavuka mpaka, uko Jinja, Uganda, kwenye meza ya LVFO, shirika la nchi za ziwa hili la mambo ya uvuvi. Sasa mkurugenzi wa halmashauri akipokea mzigo kama huo anafanya jambo la busara kabisa: anaandika pembeni "Afisa Uvuvi, shughulikia". Afisa Uvuvi anaona karibu yote si yake, anaandika "Afisa Mazingira, tushauri". Afisa Mazingira naye anaona makokoro, anairudisha. Hakuna aliyelala, binti. Waliokuambia linafanyiwa kazi hawakukudanganya. Faili linatembea kweli, ila linatembea kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Halafu ujue serikali haifanyii kazi ripoti. Inafanyia kazi dokezo. Dokezo sabili, ukurasa mmoja, limeandikwa na ofisa wa chini kwenda kwa mkubwa wake: suala ni hili, hali ilivyo ni hii, maoni yangu ni haya, naomba maelekezo. Bosi anaandika "Sawa", anaweka saini na tarehe. Hilo "Sawa" ndiyo sera unayoitafuta. Kwa hiyo mtu wako si mkurugenzi. Mtu wako ni yule kijana wa ofisi ya uvuvi mwenye meza moja na mwenzake, ambaye ndiye atakayekaa aandike. Umemrahisishia nini? Kurasa 42 ni kumtwisha jiwe, tena jiwe la Mwanza.

Na ulikwenda Machi! Mwongozo wa bajeti unatoka kuelekea mwisho wa mwaka, baraza la madiwani linapitisha Januari au Februari, inapanda mkoani, inakwenda Dodoma, Bunge la bajeti linakaa Aprili mpaka Juni, na Julai mosi mwaka wa fedha umeanza. Ulipokuwa unapiga picha mhuri wako, fedha ya mafuta ya doria na ya maboya ya kuonyesha mpaka wa mazalia ilikuwa imeshagawiwa kwa shughuli nyingine. Rudi Septemba. Usirudi na ombi, rudi na mstari wa bajeti: jina la shughuli, gharama, kasma (fungu itakakotoka fedha). Mchumi wa halmashauri akiona mstari uliokamilika anaunakili. Akiona hotuba anaitandikia chai.

Kuhusu Desemba ya mfadhili. Sheria ndogo ya halmashauri nzima inapita kwenye kamati, baraza, tangazo la kualika maoni, mkoani, kwa Waziri wa TAMISEMI, Gazeti la Serikali. Desemba ya mwaka gani? Lakini ghuba yako iko kwenye kijiji kimoja. Sheria ndogo ya kijiji inaandaliwa na halmashauri ya kijiji, inajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, inapita kwenye kata, baraza la madiwani linaidhinisha. Tena huo mkutano mkuu uwe mkutano kweli, wenye mabishano na mahudhurio yaliyosainiwa. Usije ukafanya kama nilivyoona wengine wakifanya, karatasi inazungushwa siku ya mnada watu wanasaini wakidhani ni ya mbolea.

Nimalizie na Shinyanga. HASHI ilianza 1986, mimi nikaingia mwaka uliofuata. Tulipeleka miche, lori kwa lori. Mingi ikafa, na watu wakawa wanatutazama tu jinsi wanavyotazama mvua ya mbali. Kilichokuja kurudisha miti ni ngitili, kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho kabla sisi hatujazaliwa: mvua zikianza unafunga kipande cha malisho, kiangazi unakifungua. Tulipoacha kufundisha tukaanza kuuliza, kazi ikawa nyingine kabisa. Waulize wazee wa ghuba yako zamani walikuwa wanapaitaje, na ni nani alikuwa anaruhusu watu kuingia na lini. Ukipata maneno yao, yaingie kwenye sheria ndogo kama yalivyo.

Posho nitairudia, mjukuu anataka simu.

Mtoto wa Mama Nyanya

Nimesoma yote, na mzee namheshimu. Lakini dada, hizo "bustani za nyanya na mchicha" zilizofyeka mafunjo, moja inaweza kuwa ya mama yangu, na kama si ghuba hiyo basi ya jirani. Nyanya hizo ndizo zilizonipeleka chuo.

2020 maji yalipanda yakameza nusu ya shamba. 2024 yakapanda tena, yakafika mlangoni mwa choo. Yalipoanza kurudi akaja mtu na bango la mita 60. Mama akamuuliza: baba, mnapima kuanzia maji ya mwaka gani? Hakujibiwa. Kwa maji ya 2024 mita 60 zinaishia nyuma ya nyumba ya mchungaji. Kwa maji ya nilipokuwa darasa la tatu, mama hana kosa hata la jani moja. Na ukitembea kidogo tu kufuata ufukwe utakuta ukumbi wa starehe umesimamisha nguzo majini kabisa. Bango halijafika huko, labda miguu ya mwenye bango ilichoka.

Umealika maofisa kumi na wanane hotelini. Mama yangu ulimwalika? Sera yenu ikipita mtapiga makofi, na mama atafukuzwa na mgambo. Usinichukulie vibaya. Ziwa likifa sisi ndio wa kwanza kulia. Ila mkija, mje na jibu la nyanya.

Mzee wa Foleni

Kijana amesema kweli. Binti, nenda ukakisome hicho kifungu cha 57 chenyewe, usisome bango. Kinakataza shughuli za kudumu, na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu uhifadhi wa ufukwe. Ukuta wa zege ni jambo moja, na mchicha wa wiki tatu una mjadala wake. Mimi nimewahi kuwa mtu wa bango, nalijua linavyomrahisishia mtu kazi.

Binti wa Igombe

Wabeja sana mzee. Zoezi la kalamu nimelifanya jana usiku, na sikulala vizuri.

Waziri wa Mifugo na Uvuvi: matano. NEMC: matatu. Bodi ya Maji: mawili. "Serikali": matatu. Tuliandika hivyo tu, "Serikali ihakikishe", na nikijiuliza leo tulimaanisha nani sina jibu. Halmashauri: moja. Pendekezo namba 11, mstari mmoja na nusu, ukurasa wa 39. Mkurugenzi angelifikia labda angekuwa kifungoni.

Mtoto wa Mama Nyanya, sikumwalika. Nimerudia ripoti kutafuta mlipowekwa. Wavuvi wako kwenye sura ya wadau. Wakulima wa ufukweni wako kwenye sura ya vihatarishi, kati ya maji taka na makokoro. Sura hiyo niliiandika mimi, siwezi kumsingizia mshauri elekezi. Mwambie mama samahani, na lile swali la maji ya mwaka gani naliiba, nitakwenda kuliuliza kila ofisi.

Bado nangoja la posho.

Jirani wa Nzuguni

Niruhusuni niingie, maana kazi hii nimeifanya Dodoma miaka sita, kwenye mashirika mawili.

Posho inaulizwa pale unapomtoa mtu kwenye kiti chake ukampeleka kwenye hoteli yako. Nenda wewe kwao. Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira inakaa, menejimenti inakaa, baraza linakaa kila robo ya mwaka, ratiba ipo na viti vyao wamevilipia wenyewe. Omba dakika kumi na tano kwenye agenda yao. Mgeni ni wewe, mgeni haulizwi posho. Mkihitaji kuwapeleka ghubani, hiyo ni safari ya kikazi: barua kwa mkurugenzi, mafuta ya boti, viwango vilivyoandikwa na shirika lenu tangu zamani, saini, risiti. Fedha ya mkononi ya "asante kwa muda wako", hata kama ni elfu tano, usiitoe. Bahasha ya ndugu yetu Sato Choma inafanya kazi mara moja. Mwaka unaofuata yule ofisa amehamishiwa Katavi, mrithi wake kashasikia habari, na TAKUKURU nao wana masikio.

Jambo la pili watu wa sera tunalidharau tukidhani ni la mhasibu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa ile halmashauri ndiye Msajili Msaidizi wa mashirika yetu. Anakujua? Ana nakala ya cheti na ripoti yenu ya mwaka? Mikataba ya ufadhili inayozidi shilingi milioni 20 mmeipeleka kwa Msajili? Siku mtakayogusa ule ukumbi wenye nguzo majini, hakuna atakayebishana nanyi kuhusu sato. Wataanza kwa kuuliza kama mmesajiliwa vizuri.

Na yale matano ya Waziri usiyatupe, yatoe tu mikononi mwa halmashauri. Kama mojawapo ni kupumzisha uvuvi kwa miezi kadhaa, tazama Ziwa Tanganyika. Lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, na nyuma yake kulikuwa na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Hilo humbebeshi diwani. Yaandike kwenye kurasa mbili, tafuta mashirika mengine matatu au manne msaini pamoja, kisha uyaweke kwenye droo.

Ndiyo, droo. Nilikuwa na waraka wa kurasa mbili kuhusu maji taka ya mijini yanavyonenepesha magugu ziwani. Nilizunguka nao mwaka mzima, kila mtu ananiambia ni mzuri sana. Mapema 2025 gugumaji la salvinia likaja likaziba njia ya vivuko pale Kigongo na Busisi, magari yakakaa foleni, na wenye magari wengine ni wakubwa. Wiki ile nilipigiwa simu mimi. "Dada, ile karatasi yako bado unayo?" Niliituma nikiwa kwenye daladala. Kama ningekuwa naanza kuiandika siku ile, wangeshatafuta mtu mwingine.

Picha na Mkuu wa Mkoa ni ya mkurugenzi wako, mwachie mwenyewe ahangaike nayo.

Sato Choma

Nimekoma, naondoa bahasha yangu. Lakini naomba kujua, yule dereva aliyebaki kikaoni alichangia hoja?

Binti wa Igombe

Alichangia kuliko wote. Ndiye aliyeniambia mkurugenzi hasomi kitu kilichofungwa kwa ringi za plastiki.

Binti wa Igombe (wiki tano baadaye)

MREJESHO, wakuu.

Ripoti imepatikana. Ilikuwa idara ya afya. Jina lake kubwa kwenye jalada ni "Tunusuru Mazalia", na masjala walivyoona mazalia wakajua ni ya mbu. Ofisa mmoja wa afya alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kunusuru? Tupulizie dawa." Nimecheka hadi machozi, kisha nikaacha kucheka maana jina hilo lilipitishwa na kikao chetu cha watu tisa na hakuna aliyeguna.

Kijana wa ofisi ya uvuvi nimempata. Kweli ana meza moja na mwenzake, zamu kwa zamu. Sikumpelekea ripoti, nilimpelekea ukurasa mmoja wenye pendekezo namba 11 peke yake. Akaniuliza maswali mawili tu. Kwanza, takwimu ni zenu au za TAFIRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa uvuvi? Maana akiandika za shirika, bosi atauliza nani anawafadhili. Akiandika za TAFIRI, bosi hatauliza. Nilikuwa nazo za TAFIRI, nilizizika kwenye kiambatisho. Pili, kijiji kinasemaje? Hapo nikanyamaza.

Kwa hiyo nikarudi kijijini, safari hii na viatu vya zamani. Nilikaa chini ya mwembe na wakulima wa ufukweni, wanawake ishirini na watatu na wanaume wanne. Nilikwenda nimejiandaa kuwaeleza umuhimu wa mafunjo. Nusu saa ya kwanza walinieleza wao: mahali mafunjo yalipobaki udongo hauliwi na mawimbi, palipofyekwa kila mwaka wanapoteza matuta mawili matatu. Wanajua. Nikauliza sasa mbona mnalima hadi kwenye maji? Mama mmoja akasimama, akachukua ndoo, akaniwekea kichwani. "Tembea nayo mpaka pale kwenye mnyonyo, halafu rudi, mara arobaini, utatujibu wewe."

Mwaka mzima wa utafiti, ramani nne, na hakuna mahali tulipoandika neno ndoo. Hawako majini kwa ukaidi. Hawana namna ya kuyapandisha maji.

Walichopendekeza wao ni hiki: ukanda wa mbele waurudishie mafunjo, waweke alama kwenye maji ya 2024 yalipofika, bustani zihamie juu ya alama, na wapate pampu ya sola ya pamoja. Mjadala wa nani atatunza ufunguo wa pampu ulichukua muda mrefu kuliko mjadala wa mafunjo. Nimemwandikia mfadhili kuomba fedha ya vikao viwili vya hotelini vilivyobaki igeuke pampu na bomba. Amejibu anafikiria. Mhasibu wetu yeye hafikirii, amekataa moja kwa moja, kwamba kasma ya uchechemuzi, yaani ya kushawishi sera, hainunui pampu. Bado tunavutana.

Mzee, jina la zamani la ile ghuba nimepewa, pamoja na habari ya bibi mmoja aliyekuwa anatangaza lini wavuvi waingie. Aliyenisimulia ameomba nisilitaje popote kabla ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano umepangwa mwezi ujao. Mtendaji wa kijiji ameshabandika tangazo, na wenye makokoro nao wameshaanza kupita nyumba kwa nyumba, kwa hiyo sijui utaishaje.

Sasa lililonileta. Jana kijana wa uvuvi amenipigia. Anataka ule ukurasa wangu kwenye faili la Word, bila nembo yetu, aunakili kwenye dokezo lake kwa jina lake. Mkurugenzi wangu amekataa. Anasema mfadhili atajuaje kuwa ni kazi yetu? Anataka nembo ibaki, hata ndogo tu chini kwenye kona. Niko katikati, na kijana anasema bosi wake anasafiri Jumatatu.

Jirani wa Nzuguni

Mwenye nembo hapigi dokezo. Kwa mfadhili andika ulichofanya, tarehe na nani ulikutana naye. Wafadhili wanaoijua kazi hii wanaelewa, na wasioielewa mweleze kwa simu, siyo kwa barua.

Mzee wa Foleni

Binti, leo ni Ijumaa. Ofisi zinafungwa saa tisa na nusu. Tuma.

Binti wa Igombe

Nimetuma, saa nane na dakika arobaini. Mkurugenzi wangu nitamwambia Jumatatu.

Mtoto wa Mama Nyanya

Mama anauliza hiyo pampu inasukuma maji umbali gani.